Nilitibiwa huzuni kwa simu juu ya kichuguu, kijiji kizima kikisikiliza

Wakuu, na wajukuu zangu mliomo humu mkijificha nyuma ya majina ya magari na wanyama, marahaba.

Najua hamjanisalimia bado. Nimeitikia mapema kwa sababu shikamoo ya vijana wa siku hizi inachelewa kama network ya huku kwetu.

Mimi ni bibi wa Nyangoto, Tarime, pembeni kabisa ya mlima wa dhahabu. Shule niliishia darasa la tatu, herufi zilizobaki nikazimalizia kwenye kisomo cha watu wazima. Nachapa kwa kidole kimoja. Nikichelewa kujibu comments msianze kusema nimekufa, natafuta herufi.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe. Mwenye shaka apande gari, ashuke Nyangoto, aulize kwa Gati jirani yangu. Gati alisikia kila kitu, na mengine aliyasikia kabla sijayasema.

Nimeona humu watu wanauliza kama hii therapy ya online inasaidia au inakula bando tu. Mmoja akajibu kwamba hayo ni mambo ya watu wa mjini wasio na ndugu.

Nikacheka peke yangu. Mimi ndugu ninao, tena wa kumwaga. Ndio walionifikisha huko.

Kwanza niwaeleze nyumba yangu ilivyo, la sivyo mtaanza kuulizana maswali katikati ya uzi.

Mume wangu Mwita alifariki zamani. Tulipata mtoto mmoja wa kike, Nyangi, ameolewa Issenye kule Serengeti. Wa kiume sikujaliwa.

Sasa kwetu Wakurya, mwanamke mwenye ng'ombe na hana mtoto wa kiume hakai akalia. Anaoa.

Umesoma vizuri mkuu, usirudie mstari. Mwanamke anaoa mwanamke. Tunaita nyumba ntobhu. Nilitoa ng'ombe, nikamleta Rhobi akiwa msichana, awe mke wa nyumba yangu, azae watoto wa nyumba yangu waitwe kwa jina la Mwita.

Wale ambao akili zimeshakimbilia chumbani, zirudisheni. Rhobi ana nyumba yake na mimi nina yangu, ua ni mmoja. Mwanaume wa kuzaa naye alimchagua mwenyewe, na huyo hatuhusu. Mimi na Rhobi tumelima pamoja, tumekamua pamoja, tumegombana kuhusu chumvi kwenye mboga miaka yote hii. Ndoa zenu ngapi za keki na wapiga picha zimefika hapo?

Rhobi akazaa mtoto mmoja tu, wa kiume. Chacha.

Chacha alikuwa mrefu, ana kelele, na alikuwa anaweza kuigiza mwendo wa mtu yeyote. Ukimwona anakuja kwa mbali hujui kama ni yeye au ni mchungaji wetu wa kanisa.

Dhahabu ilipopamba moto huku, kila mtu akawa mtaalamu wa miamba. Shamba la mihogo likageuka maduara, yaani mashimo ya kuchimbia. Muuza samaki akawa mnunuzi wa madini. Hata mchungaji wetu alikuwa na karasha, mashine ile ya kusaga mawe ya dhahabu, akasema ni kwa ajili ya kujenga nyumba ya Bwana. Nyumba ya Bwana mpaka leo ina nyasi. Karasha lina bati jipya.

Chacha naye akaingia duarani. Siku moja ikanyesha mvua kubwa, duara likatitia.

Walimtoa jioni. Jinsi alivyokuwa sitaandika. Hapo sina utani.

Ngoja sasa niwape ushauri wa bure nilioupata kabla ya kujua mambo ya mtandao, mlinganishe wenyewe.

Mchungaji aliniambia nisilie, Chacha yuko mahali pazuri kuliko hapa. Nikamuuliza, kama ni pazuri hivyo, mbona yeye akipata mafua tu anakimbilia hospitali.

Mzee Marwa, shemeji yangu, kaka yake Mwita, alinishauri udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi. Nitafute msichana mwingine nioe, nyumba ya kaka yake isizimike. Aliongea kama vile jembe limevunjika mpini.

Matiko, aliyekuwa anachimba na Chacha, alikuja na uso wa huzuni kweli. Akanishika mkono, akaushikilia muda mrefu, mpaka nikasema huyu kijana ana moyo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua Chacha aliweka wapi nyundo na tindo.

Nikamwambia, "Mura, kijana wangu, hapa ni msibani, sio stoo."

Basi huo ndio ushauri nasaha wa huku. Unapatikana muda wote, na hauhitaji bando.

Kilichoniumiza zaidi ni Rhobi.

Tangu tulipozika, alifunga mdomo. Anakamua, analima, anapika, ananiwekea chakula, anaondoka. Namsemesha, ananitazama kama mtu anavyotazama televisheni iliyozimwa sauti.

Siku moja nikapita mlangoni kwake nikaona begi linaning'inia msumarini. Limejaa, zipu imefungwa. Rhobi ana kaka yake, Wambura, mwenye duka Nyamisangura pale Tarime mjini. Sikuhitaji kuambiwa begi linaelekea wapi.

Mzee Marwa alipolisikia hilo begi akaanza kuwawazia ng'ombe waliotolewa. Mimi wala sikuwaza ng'ombe. Niliogopa asubuhi moja nitaamka, nitatazama ng'ambo ya ua, nikute moshi hautoki.

Hapo ndipo akaingia Wegesa.

Wegesa ni binti wa Nyangi wangu, ni nesi Mwanza. Ndiye aliyeniachia hii simu yake ya zamani alipokuja kuzika. Akapiga, nikaongea naye kidogo, akasema, "Bibi, sauti yako sio yako. Nakutafutia mtu wa kuongea naye."

Nikamwambia watu wa kuongea nami ninao, shida yao hawanyamazi.

Akasema huyu ni mtaalamu, kazi yake ni kusikiliza. Yuko Dar, mtu wa pwani, anaitwa Zuhura. Amesomea huzuni chuoni.

Nikauliza, kumbe kuna chuo cha huzuni? Wangekijenga Nyangoto, kisingekosa wanafunzi.

Lakini Wegesa ukimkatalia analia, na mimi machozi ya watu wengine nilikuwa nimeshashiba. Nikakubali. Akapanga kila kitu mwenyewe.

Kabla ya siku kufika ikaja orodha ya mahitaji. Nitafute mahali patulivu, penye faragha, nikae peke yangu nisisumbuliwe.

Wakuu, niwachoree ramani. Kushoto kwangu karasha la mchungaji. Kulia karasha la Matiko na wenzake. Yakisaga, vikombe vinatembea mezani. Network inashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya zizi, na kichuguu hicho kinaonekana na kila anayeenda kisimani. Na masikio yangu haya, bila kuweka spika sisikii kitu.

Faragha yenyewe ndiyo hiyo.

Siku ya kwanza nikapanda na kigoda changu. Sijatulia, Gati huyo, anaazima chumvi. Akapewa chumvi, akakaa. Akaja Wankuru, shangazi wa ukoo, na ungo wa mahindi, akaanza kupukuchua. Wakaja wazee Kisiri na Nyamhanga, walisikia Bhoke anatibiwa kwa simu, wakataka nikimaliza waulizie migongo yao.

Bhoke ndio mimi.

Zuhura akatokea kwenye kioo. Binti mzuri, kitambaa kichwani, nyuma yake ukuta mweupe usio na hata inzi. Akanipa shikamoo. Akasema, "Bibi, naona paji la uso tu."

Gati akasema, "Inatosha, kwingine hakuna jipya."

Zuhura akaniuliza kama nalala vizuri. Sijafungua mdomo, Gati akajibu, "Halali huyo. Anakohoa tu."

"Bibi, kuna mtu hapo?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni Gati tu."

Akaandika kitu kwenye daftari. Nadhani chuoni hawakufundishwa habari za Gati.

Akaniuliza huzuni naisikia wapi mwilini. Nikamwambia magotini, ila yalianza kabla ya msiba. Akaniambia tuvute pumzi, taratibu, kwa pua, kisha tuachie kwa mdomo. Tukavuta. Wote, na wazee wale wawili. Tukavuta vumbi la karasha pande zote mbili, tukakohoa mpaka kuku wakakimbia. Mzee Nyamhanga akasimama akasema mgongo umepata nafuu, akaenda zake.

Akanishauri nijipe muda wa kuwa peke yangu. Nikamwambia mwanangu, huko kuwa peke yangu ndio ugonjwa wenyewe.

Nikawa nimeshakata shauri kwamba sirudi. Nikimaliza namwambia Wegesa asante, imesaidia, yaishe.

Kisha huyo binti akaniuliza, "Bibi, Chacha alikuwa anachekesha nini?"

Wakuu, mlango wangu ulikuwa umepitwa na watu wa kata nzima. Wameuliza alikufa saa ngapi, duara lilikuwa la nani, nyundo iko wapi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hilo.

Nikamwambia Chacha alivyokuwa anaigiza mwendo wa Mzee Marwa. Anabinua kifua, anaweka fimbo begani, anapita mbele ya ng'ombe kama mkuu wa wilaya amekuja kukagua gwaride. Kumbe Mzee Marwa mwenyewe anapita njiani, fimbo begani, kifua mbele. Akasimama. Wankuru akamwaga ungo kwa kucheka. Mimi nikacheka mpaka nikashika tumbo, na nilipojifuta uso nikakuta ni machozi, tena mengi, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Ndio sababu nilirudi tena. Msije mkasema nilirudi kwa ajili ya pumzi.

Siku iliyofuata ya simu watazamaji waliongezeka. Gati alikuja na kigoda chake, habari za chumvi ameshaacha.

Zuhura akaniuliza, "Bibi, hapo nyumbani unaishi na nani?"

"Na mke wangu."

Nikadhani network imekatika, nikainua simu juu.

Sauti yake ikarudi imebadilika, imekuwa ile ya kuongea na mtoto mwenye homa. "Bibi yangu, unaweza kuniambia leo ni siku gani?"

"Siku ya mnada."

"Jina la siku, bibi."

Nikamtajia. Akauliza mwezi. Nikamtajia. Akauliza mume wangu yuko wapi.

"Amekufa."

"Na huyo... mke?"

"Anakamua."

Gati akaanguka kutoka kwenye kigoda chake. Hapo ndipo nilipoelewa. Huyu binti anadhani kichwa changu kimeondoka.

Kichwa changu mimi. Mimi ninayekumbuka jina la kila ng'ombe aliyeingia boma la baba yake Rhobi, na jina la kila mtu aliyemswaga. Watu wa Nyangoto wakibishania nani alizaliwa kabla ya nani, wanakuja kwangu. Nikapandwa na hasira mpaka magoti yakaacha kuuma.

Nikamwambia, "Sikiliza, mama. Kwetu mwanamke anaoa, hiyo kaulize wenye kujua. Kuhusu kichwa changu, sasa hivi nakutajia kila jina lililoitwa kaburini siku ya Chacha. Tega sikio."

Mfahamu kwamba siku ya kuzika, mkubwa wa ukoo anasimama kaburini na kuwaita watu wa marehemu, waliokufa na walio hai, ijulikane huyu anayelala hapa ni wa nani. Siku ile aliyeita ni Mzee Marwa.

Nikaanza. Chacha wa Mwita, wa nyumba ya Bhoke. Mwita wa Ryoba. Ryoba wa Magige. Nikashuka kwa walio hai. Marwa mwenyewe, ambaye alijitaja mapema kuliko ilivyo kawaida. Nyangi na mume wake. Wegesa. Nikaingia kwa mashangazi, Wankuru na Sabina na Mkami wa ng'ambo ya mto. Nikaenda kwa wajomba wa Mwita, nikaenda Issenye kwa wakwe, nikarudi kwa wachimbaji wenzake, hata Matiko na tindo lake. Gati akajaribu kuingiza jina la mume wake. Nikamkumbusha kwamba mume wake siku hiyo alikuwa Sirari na hakuitwa.

Nikamaliza, pumzi imeniishia. Nikamuuliza Zuhura, haya, kichwa changu kimepotea wapi?

Akasema, "Bibi, nisamehe. Sikujua desturi yenu nikafikiria vingine. Kumbukumbu yako ni nzuri kuliko yangu."

Nikafurahi. Nikatazama huku na huku, wote wamesikia.

Kisha akasema, "Naomba niulize kitu kimoja. Huyo mke wako, aliyemzaa Chacha, anaitwa nani?"

"Rhobi."

"Katika majina yote hayo sijamsikia."

Nikafungua mdomo nimjibu.

Nikarudi mwanzo, kimya kimya, midomo inatembea. Mwita, Ryoba, Magige, Marwa, Nyangi. Nikamwona Gati naye anahesabu kwa vidole, anafika mwisho, anaanza tena. Jina la Rhobi halimo. Watu wote wale wameitwa, na wachimbaji ambao hata ukoo wao hatuujui wameitwa.

Zuhura akauliza, taratibu, "Na pole, alipewa nani?"

"Mimi. Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Na Rhobi?"

Gati, ambaye hunijibia kila swali, akaanza kufunga upya kanga yake.

Wakuu, hakuna aliyefanya kwa ubaya. Kwetu mwenye kuoa ndiye mwenye mtoto, na ndivyo tulivyofanya siku zote. Kigoda kiliwekwa mlangoni kwangu, na kila aliyefika alikuja kwangu. Bhoke pole. Bhoke nyumba yako imebomoka. Rhobi alikuwa nyuma na wanawake. Kesho yake wageni wakazidi, wa kusonga ugali wakapungua, akainuka yeye akashika mwiko, na hakuna aliyemwambia kaa.

Nililikumbuka hilo juu ya kichuguu, mbele ya watu. Siku ya kumzika mtoto aliyemzaa mwenyewe, neno aliloambiwa mara nyingi kuliko yote ni "Rhobi, leta maji."

Nikageuka kutazama zizini. Spika haichagui wa kumsikilizisha. Rhobi alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa mkononi, ndama ameshika chuchu ananyonya kila kitu, na yeye hamfukuzi. Alikuwa ananitazama. Sio kama televisheni. Ananitazama mimi.

Kisha akaingia ndani kwake.

Nikajua sasa anachukua begi.

Ningekimbia, lakini mnajua magoti. Zuhura akaniuliza nataka kufanya nini. Nikamwambia wewe ndiye umesoma. Akasema hili hajalisoma. Nikampenda hapo, kwa sababu huku hakuna mtu ambaye hajasoma jambo lako.

Rhobi hakutoka na begi siku ile. Wala hakutoka na neno.

Siku ya simu ilipofika tena, watazamaji wamejaa, nikaenda mpaka mlangoni kwake. Nikamwambia, "Rhobi, simu ya leo ni yako."

Akajifuta mikono kwenye kanga. Akanifuata.

Nikampandisha kichuguuni, nikamkalisha kwenye kigoda changu, Zuhura akatokea na ukuta wake mweupe. Nikamwambia, "Huyu ndiye mama yake Chacha." Nikampa Rhobi simu mkononi.

Halafu nikafanya kitu ambacho Gati hajanisamehe mpaka leo. Nikazima spika.

"Twendeni," nikawaambia wote.

"Wapi?" Gati akauliza.

"Popote. Kachume mboga."

"Bhoke, lakini yule binti anatujua sisi. Rhobi hata maswali yake hayajui."

Nikamshika mkono nikamvuta kama mbuzi. Tukaenda kukaa kando ya njia, tumewapa mgongo. Sijawahi kumwona mtu akiteseka namna ile. Kila mara shingo inataka kugeuka.

"Anaongea," akanong'ona. "Naona mabega."

"Gati, tazama njia."

Aliongea mpaka simu ikaisha chaji. Alisema nini, sijui. Nilimuuliza Zuhura baadaye, akaniambia hiyo ni siri ya Rhobi. Nimeishi Nyangoto maisha yangu yote na sijawahi kukutana na kitu hicho. Kumbe kipo.

Bado hakuwa ananisemesha. Msidhani ni uchawi.

Kisha akaja Magesa. Huyu ni binamu yake marehemu Mwita, anakaa Issenye. Alikuwa mgonjwa wakati wa msiba, akaja baadaye na bodaboda kutoa pole yake. Akashuka, akaja moja kwa moja kwenye kigoda changu, kofia mkononi, mkono mbele.

"Bhoke, pole sana, nyumba yako..."

Sikuupokea mkono wake. Nikamwambia, "Magesa, mwenye msiba yuko zizini."

Akanitazama kama Zuhura alivyonitazama siku ile. Niliona kabisa anataka kuniuliza leo ni siku gani.

"Nenda," nikamwambia. "Mama yake Chacha yuko kule anafunga ndama."

Akaenda. Magesa ni mtu mzito wa kuelewa lakini ana adabu. Nikamwona anasimama mbele ya Rhobi, kofia bado mkononi, anampa mkono. Nikasikia anasema, "Rhobi, pole kwa kufiwa na mwanao."

Rhobi akaupokea mkono. Kisha akakaa chini palepale kwenye samadi, akalia. Kile kilio alikuwa amekitunza tangu kaburini, na kilikuwa kikubwa kuliko makarasha yote mawili. Gati akaja mbio bila kuaga nyumbani kwake, wala hakuazima chumvi. Wankuru akaja. Wakamshika huku na huku, wakakaa naye humohumo kwenye samadi na kanga zao safi.

Mimi nilibaki kwenye kigoda. Nilitaka kwenda. Lakini nilijua nikisogea pole zitanigeukia mimi tena, na siku ile nilitaka ziwe za Rhobi peke yake.

Jioni akaniletea uji. Akauweka mbele yangu, akasema, "Mama, uji wa moto huo, usiungue."

Basi. Hayo ndiyo maneno niliyoyasubiri muda wote ule. Nikaungua hivyohivyo, akanigombeza, nikasikiliza mpaka mwisho.

Begi bado liko msumarini, na bado limejaa. Sijauliza. Lakini moshi wa ng'ambo ya ua unatoka kila asubuhi, na kwa sasa huo unanitosha. Mzee Marwa bado ananitafutia msichana wa kuoa. Nimemwambia amuoe yeye.

Sasa mliouliza kama therapy ya online inasaidia. Mimi naona inasaidia, ukimpata mtu anayekuuliza marehemu alichekesha nini, na anayeweza kusema hili sikulijua. Mkiambiwa mkae mahali pa faragha, kaeni, msiwe kama mimi. Ingawa ningekaa faragha Rhobi asingesikia. Kwa hiyo hapo sijui niwashauri nini, muulizeni Zuhura. Mimi nimeshatolewa kichuguuni, zamu zote sasa ni za Rhobi, na anasikia vizuri bila spika.

Nililojifunza ni kwamba unaweza kukumbuka majina yote ya dunia na ukaruka la mtu anayekupikia.

Haya, uwanja ni wenu. Wa kubisha abishe, wa kucheka acheke, wa kuniuliza mambo ya chumbani ajue nina wakati na nina kidole.

Na wale wenye kuandika pole, ninawajua, mtaanza na "pole sana bibi". Msiniandikie mimi, mimi nimeshapewa. Andikeni kwa Rhobi, mama yake Chacha. Nitakaa naye jikoni nimsomee moja moja, na majina yenu hayo ya ajabu nitamtajia yote. Sitaruka hata moja.